Sheria Iko, Inangoja Tuongee



Kila mwezi wa tatu inaanza tena: vitenge vipya, hotuba ndefu, mapicha. Mwezi ukiisha, vitenge vinarudi kwenye sanduku, na musichana anarudi kwenye oditwari ileile ambamo CP sherti awe mwanaume, yeye akapewa kuandika majina na kupanga fanta za sherehe. Nyumbani anaambiwa: "Ukisoma sana, nani atakuoa?"

Tunasema wazi: mazungumzo juu ya hii mambo yafanyike ndani ya kampasi zetu, Goma, Bukavu, Kisangani, Lubumbashi, muchana, mbele ya wote, mwaka muzima.

Kuna wenye kusema ni mambo ya wazungu. Hapana. Sophie Kanza, mutoto wa inchi hii, alipata diplome ya chuo kikuu mwaka 1964, wa kwanza kati ya wanawake Wakongo, na mwaka 1966 akawa waziri. Katiba ya 2006, ile raia waliipigia kura, inalazimisha serikali katika kifungu cha 14 iondoe kila namna ya ubaguzi juu ya wanawake. Mpaka 2016, Kanuni ya Familia ilidai mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kujifunga kwa kazi. Ikageuzwa. Mwaka 2024, inchi ikapata Waziri Mukuu mwanamke wa kwanza, Judith Suminwa.

Basi shida iko wapi? Chukua mufano mumoja wenye kila mwanafunzi anaujua: pointi zinazolipwa na mwili. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inasema mutu mwenye kutumia cheo chake ili kulazimisha mwingine kwa ngono anaweza kufungwa kuanzia mwaka 1 mpaka 12. Ni adabu kali. Lakini sheria hiyo inangoja mwenye kuumizwa alete malalamiko yeye mwenyewe. Bila kinywa chake, inalala.

Na yeye anajua swali la kwanza litakuwa gani: "Ulivala nini? Juu ya nini uliingia ku biro yake?" Wenye kuuliza hivyo si wakubwa tu. Ni sisi, wenzake wa promosheni. Mwalimu mubaya anafunga mulango. Sisi ndio tunashika ufunguo.

Vijana wanaume, hii inatuhusu pia. Tulifundishwa kwamba mwanaume halii, mwanaume analipa. Hauna kazi, lakini unadaiwa mahari, kodi ya nyumba, na unite za simu ya cherie. Mwenye kupimwa kwa feza yake tu, siku musichana anamupita kwa pointi, anaona amevuliwa uanaume, na haraka anauliza: "Alilala na nani?" Huo uongo unaumiza wote wawili. Tuuvunje tukiwa tumekaa pamoja, tukitazamana usoni.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila komite ya wanafunzi ifungue kikao cha mazungumzo walau mara moja kwa mwezi, wasichana na wanaume pamoja, na mwenye kuongea asichekwe wala asipigwe picha. Pili, wakubwa wa kampasi watangaze wazi nani anapokea malalamiko, kati yao mwanamke, na kila mwanafunzi aonyeshwe kopi yake iliyosahihishwa akiiomba. Tatu, CP achaguliwe kwa kura, na musichana mwenye kujitokeza asikatazwe.

Hakuna lolote hapo lenye kuomba bajeti kubwa. Viti viko, oditwari iko, sheria iko.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wiki hii, kabla ya kozi ya kwanza, uliza promosheni yako: kikao chetu ni lini?