LODWAR NA KAKUMA: Mashua Tatu, Timu Moja

Mwanafunzi wa Kakuma huuona Mto Tarach ukiwa mchanga mtupu miezi mingi. Lakini atokaye Lodwar kwenda Kalokol, kadiri ya kilomita 60, hulikuta Ziwa Turkana, na upepo wa kusini-mashariki hauliachi.

Wanafunzi wa sekondari wa Uingereza hushindana kwa matanga, mashua tatu kwa tatu. Ya kwanza huhesabiwa 1, ya mwisho 6. Wenye jumla ndogo ndio washindi. Mmoja akitangulia, na wenzake wakawa wa tano na wa sita, hupata 12 kwa 9: wameshindwa. Kwa hiyo nahodha hodari hupunguza mwendo, akamzibia mpinzani upepo, mwenziwe apite.

Mchezo huo ungewafaa vijana wa Turkana. Ila upepo huohuo umekwisha kuwazamisha wavuvi. Basi kujua kuogelea hakuna budi kulitangulia tanga.