Maradhi Katika Siku za Notisi



Yako maneno ambayo husemwa kwa sauti ya chini katika ofisi zetu, na kwa kuwa husemwa kwa sauti ya chini, hayapati jibu. Moja katika maneno hayo ni hili: je, mtu aliyekwisha kutoa notisi ya kuacha kazi, au aliyekwisha kupewa notisi hiyo, akishikwa na ugonjwa kabla siku zake hazijatimia, ana haki ya kupumzika na kulipwa kama mgonjwa mwingine? Wako wasemao kwamba haki hiyo ilikwisha siku ile ile barua ilipopokelewa. Wako wengine wasemao kwamba siku za notisi ni siku za kujilipa, na kwamba mwenye akili huenda kwa daktari siku ya pili na kuonekana tena siku ya kuaga. Sisi twaona ya kwamba wote wamepotea njia, wa kwanza kwa kudhulumu na wa pili kwa kudanganya. Na kwa sababu hiyo yatupasa kulipambanua jambo hili.

Kwanza tutazame notisi yenyewe ni kitu gani. Notisi si adhabu, wala si kifungo cha siku chache kabla ya kufunguliwa mlango. Ni muda uliowekwa ili pande mbili zisiachane kwa ghafula. Mwajiri apate nafasi ya kutafuta mtu mwingine na kupokea funguo, madaftari na mafaili. Mfanyakazi naye apate nafasi ya kutafuta riziki mahali pengine. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka notisi isiyopungua siku 7 kwa aliye katika mwezi wake wa kwanza wa kazi. Baada ya hapo, siku 4 kwa aliyeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa aliyeajiriwa kwa mwezi. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka siku 28 kwa mtu wa mshahara wa mwezi. Mikataba mingine huweka muda mrefu zaidi.

Katika muda huo wote mkataba ungali hai. Mfanyakazi atakiwa kufika kwa saa yake, kutii amri za halali, na kutunza siri za ofisi kama alivyofanya siku ya kwanza. Hakuna mwajiri asemaye, "Huyu yuko katika notisi, basi na aje saa nne." Ikiwa wajibu wa mfanyakazi haukupungua, yawezekanaje haki yake ipungue? Mkataba ulio katika siku zake za mwisho ni mkataba mzima. Mtu hawezi kushika upande ule unaomfaa na kuutupa upande ule unaomgharimu.

Sasa tuje kwenye likizo ya ugonjwa. Sheria hiyo ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 za pili kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mganga mwingine wa tiba ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri hana ruhusa ya kumkataa bila sababu ya maana. Asiyeleta cheti, mwajiri halazimiki kumlipa. Kule Kenya, aliyekwisha kufanya kazi miezi 2 mfululizo hupata siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Naye hupaswa kumpasha mwajiri habari mapema kadiri iwezekanavyo, na kuonyesha cheti. Mahali pote pawili mtu ahesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka siku yake ya mwisho, basi na haki ya mfanyakazi aliye mgonjwa anayo mpaka siku hiyo.

Ubishi wote, kwa maoni yetu, watokana na kuchanganya vitu viwili visivyofanana: kukataa kazi na kushindwa kazi. Sheria ya Tanzania imesema wazi ya kwamba mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika muda wa notisi, mwajiri aweza kukata katika malipo yake ya mwisho fedha ambazo angalizipata kama angalifanya kazi. Neno hili ni la haki, nasi hatulipingi. Lakini angalieni: limetajwa anayekataa. Mtu aliyelala kwa homa, cheti chake kikiwa mezani kwa ofisa utumishi, hakukataa lo lote. Ameshindwa. Kumkata huyu kwa kanuni iliyowekwa kwa ajili ya yule ni sawa na kumtoza faini mtu aliyechelewa kwa sababu ya mafuriko, kwa kanuni iliyowekwa kwa ajili ya walevi.

Tutoe mfano wa hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Karani wa mshahara wa shilingi 520,000 kwa mwezi ametoa notisi ya siku 28. Katika wiki ya pili ashikwa na malaria, na daktari ampumzisha siku 6 za kazi. Tukigawa mshahara wake kwa siku 26 za kazi, kila siku ni shilingi 20,000. Basi akikatwa siku hizo amepoteza shilingi 120,000. Fedha hizi pengine ndizo nauli ya kusafirisha mizigo yake, au kodi ya chumba wakati anapotafuta kazi nyingine. Kwa mwajiri ni mstari mmoja katika daftari; kwa huyu ni mwezi mzima wa kukopa.

Iko hila nyingine ambayo twaijua. Mgonjwa huambiwa kwa upole, "Usiwe na wasiwasi, siku hizi za ugonjwa tutazitoa katika likizo yako ya mwaka." Husikika kama hisani, kumbe ni kumlipa mtu kwa fedha zake mwenyewe. Sheria haimruhusu mwajiri kuifanya likizo ya mwaka ishike mahali pa likizo nyingine ambayo mfanyakazi ana haki nayo. Siku za likizo ya mwaka ambazo hazijatumika zapaswa kulipwa mtu atokapo kazini. Tena sheria hiyo hiyo yakataza notisi kutolewa wakati mtu yuko katika likizo, na yakataza notisi kwenda sambamba na likizo. Basi yule anayepelekewa barua ya kuachishwa kitandani hospitali ajue kwamba barua hiyo ina kasoro. Na ulimwengu umeliona neno hili zamani: Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, watamka kuwa kutokuwapo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Hayo ni ya upande mmoja. Lakini chama kisichowaambia wanachama wake ila yale yanayowapendeza hakiwafai kitu. Yatupasa kuuliza: shaka hii ya wakubwa imetoka wapi? Imetoka kwetu wenyewe. Sote twamjua yule mtu ambaye katika miaka mitatu hakuumwa kichwa, na wiki moja baada ya kutoa notisi aleta ED ya siku kumi, na siku ya nne aonekana sokoni akipanga bidhaa za duka lake jipya. Sote twajua kwamba vipo vyeti vinavyopatikana kwa urafiki, na vingine kwa bei. Huyu amekataa kazi, ila amelivika kataa lake nguo za mgonjwa.

Wengine husema, "Nimewatumikia miaka mingi bila shukrani, basi siku hizi chache ni fidia yangu." Twaelewa uchungu wao, lakini hatukubali hoja yao. Kwanza, hasara ya hila hii haimwangukii yule aliyekosa shukrani. Yeye hukaa ofisini mwake kama kawaida. Humwangukia karani wa meza ya pili, ambaye hufanya kazi za watu wawili, na hutafuta faili asilojua lilipowekwa, huku watu wa mbali wakingoja barua zao kibarazani. Pili, humwangukia mgonjwa wa kweli atakayefuata, ambaye cheti chake kitapokewa kwa kicheko. Tatu, cheti cha uongo ni hati ya uongo, na mtu aweza kufukuzwa kwa udanganyifu siku tatu kabla ya kuondoka kwa heshima, apoteze kwa siku moja jina alilolijenga kwa miaka. Wazee walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwajiri mpya aghalabu humpigia simu mwajiri wa zamani, na kinachokumbukwa katika simu ile si miaka minane ya mwanzo, bali wiki mbili za mwisho.

Iko na hatari ya upande wa pili, nayo haisemwi mara nyingi. Wapo wenzetu ambao kwa kuogopa kuitwa waongo huficha ugonjwa wa kweli. Hukaa mezani wakitetemeka, wakinywa dawa za kutuliza maumivu, ili wamalize siku zao bila kusemwa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kazi ikikoma, mara nyingi na bima ya afya iliyokuja pamoja na kazi hukoma. Na yule aliyeacha kutibiwa wakati alipokuwa na haki ya matibabu, atatafuta matibabu wakati hana mshahara wala kadi. Huu si ushujaa. Anayeumwa kweli na aende hospitali, na asione haya.

Basi ipi ndiyo njia ya sawa? Sisi twaona mambo machache yatatosha kuondoa magomvi mengi. Mtu akitoa notisi, asingoje wiki ya mwisho kukabidhi kazi. Siku zile zile za kwanza aandike orodha ya kazi zilizo mkononi mwake, barua zisizojibiwa, funguo na mahali pa mafaili, na nakala moja ampe mkubwa wake. Mwenye kufanya hivi, akiugua baadaye, hakuna atakayesema amekimbia, maana kazi yake imesimama mezani kabla yake. Akiugua, apeleke habari siku ile ile, kwa simu au kwa mtu, na cheti kifuate. Naye abaki na nakala yake. Ugonjwa ukila siku nyingi za notisi, pande mbili zikubaliane kwa maandishi tarehe ya mwisho ya kazi, wala wasiache jambo hilo kwa maneno ya barazani. Na mwajiri asiyetaka kungoja, sheria imemwachia njia: aweza kumlipa mtu mshahara wa muda wa notisi, wakaachana kwa amani siku hiyo.

Tumalizie kwa neno kwa wale miongoni mwetu walio makarani wa mishahara na makarani wa utumishi. Mkubwa wa ofisi aweza kusema kwa hasira, "Mkateni huyo." Lakini yeye haandiki. Anayeandika makato yale katika karatasi ya malipo ni mmoja wetu, kwa mkono wake mwenyewe. Hatumwambii mtu avunje amri. Twamwambia afanye kazi ya karani mwema, ambayo ni kumkumbusha mkubwa wake kanuni kabla kalamu haijagusa karatasi. Na aseme kwa adabu: "Bwana, cheti kipo, na siku zake 63 za mshahara kamili hazijaisha." Wakubwa wengi si watu wabaya, ila hawakuambiwa. Na akisisitiza baada ya kuambiwa, karani aweke maelezo yake katika faili, ili mwenzake atakapoipeleka dai lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukweli uwe umekwisha kuandikwa. Kadhalika karani huyo huyo, akiona cheti kilichofutwa tarehe na kuandikwa upya, asikipitishe kwa sababu ni cha rafiki.

Twajua kwamba watu huhukumu kazi ya mtu kwa jinsi alivyoingia na jinsi alivyotoka. Kuingia, kila mtu huingia vizuri, amevaa shati jipya na cheti mkononi. Kutoka ndiko kunakopima tabia, ya mfanyakazi na ya mwajiri vile vile. Mwajiri anayemlipa mgonjwa anayeondoka, ingawa hatafaidi tena jasho lake, amewaonyesha wale wanaobaki kwamba neno lake ni neno. Na mfanyakazi anayefika kazini akiwa mzima mpaka saa ya mwisho ya siku ya mwisho, ingawa hakuna tena wa kumpandisha cheo, amewaachia wenzake meza safi na jina safi. Hayo mawili twayataka katika kila ofisi yenye mwanachama wetu.

Sisi wenzenu katika kazi.