Kitambulisho cha kidijitali na daftari la kafe



Leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Niliwahi kukaa kaunta ya intaneti kafe moja hapa Morogoro, na chini ya meza tulikuwa na kaunta buku. Humo ndani: jina la mteja, namba yake ya NIDA (zile tarakimu 20), imeili, paswedi. Ukurasa baada ya ukurasa. Imeili nyingi nilizifungua mimi, wenyewe hawajawahi hata kuziona. Sikumwibia mtu, lakini ningetaka ningeweza, na siyo mimi peke yangu niliyekuwa nalifunua lile daftari.

Sasa kabla hujaniita tapeli, tazama kazi yenyewe ilivyokuwa. Anakuja mama anataka cheti cha kuzaliwa cha mwanae kutoka RITA. Fomu inadai imeili. Hana. Namfungulia. Paswedi inataka herufi kubwa, namba na alama. "Weka tu mwanangu, utanishikia." Wiki ya pili anarudi kuuliza ombi limefikia wapi, na kama sikuandika mahali tunaanza upya, buku jingine linamtoka. Yaani lile daftari kwake lilikuwa msaada.

Hapo ndipo penye tatizo. Hizi huduma zinabuniwa kana kwamba kila raia amekaa peke yake na simu janja yake, bando analo, kusoma anajua vizuri na vidole vyake vinasomeka. Mtu huyo yupo, pengine ni wewe unayesoma hapa. Lakini mama yule, babu wa kijijini na asiyeona wanapitia kwa mtu wa tatu: mimi, wewe, wakala aliyekaa chini ya mwamvuli. Mfumo hautujui sisi. Kwa mfumo, aliyeingia ni mama.

Kumbukeni usajili wa laini kwa alama za vidole. Ulianza 1 Mei 2019, mwisho ukawekwa 31 Desemba, halafu Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020. Foleni za kutafuta namba kila mtu anazikumbuka. Mimi namkumbuka zaidi jirani yetu mmoja, fundi mwashi. Namba ya NIDA alikuwa nayo. Kilichogoma ni kidole. Miaka yote ya kushika saruji ilikuwa imefuta mistari. Wakala akamwambia nawa mikono, paka mafuta, weka gumba, weka cha shahada, jaribu mkono wa kushoto... wapi! Jioni mzee akamtuma mjukuu asajili laini kwa jina la mjukuu. Kwa hiyo hela za vibarua vyake zinaingia kwenye laini ambayo kwa maandishi siyo yake. Siku wakigombana je?

Na hili siyo la Bongo peke yake. India wana Aadhaar, namba ya tarakimu 12 iliyoanza kutolewa 2010, na leo ina watu zaidi ya bilioni moja. Serikali yao wenyewe, kwenye taarifa ya uchumi ya 2016-17, ilitaja uhakiki kushindwa kwa asilimia 49 Jharkhand na 37 Rajasthan, wakati Gujarat ilikuwa 6. Na mtu anayekataliwa na mashine kule mara nyingi amekwenda kuchukua mgao wa chakula, siyo kusajili laini. Septemba 2018 Mahakama ya Juu iliiacha Aadhaar iendelee kwenye misaada ya serikali, ila ikaondoa sharti lake kwenye laini za simu na akaunti za benki.

Kwa hiyo tufanyeje? La vidole ni jepesi kulisema: njia ya pili lazima iwepo pale pale kwa wakala. Njia mbadala ikiwa imeandikwa kwenye karatasi ya makao makuu lakini wakala haijui, basi kwa yule mzee haipo.

La pili silisikii likisemwa sana, nalo ni kumtambua msaidizi. Mama aweze kuuambia mfumo: huyu ananijazia fomu hii moja tu. Mimi niingie kwa namba yangu, siyo kwa ya kwake. Ibaki kumbukumbu nani alijaza nini. Ruhusa yangu ife ombi likishatumwa, na majibu yaende kwa mama kwa meseji ya Kiswahili, hata kama ana simu ya kitochi. Imeili isiwe lazima kabisa, kwani imeili ya nini? Na zile picha za herufi zilizopinda zitafutiwe mbadala. Asiyeona simu yake inaweza kumsomea ukurasa mzima kwa sauti, akifika hapo anakwama, anampa jirani, na mara nyingi paswedi inakwenda humo humo.

Wapo watakaosema tukiruhusu wasaidizi tunafungulia matapeli mlango. Jamani, mlango uko wazi sasa hivi, ila anayepita haandikwi popote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na sioni daftari letu lingepona vipi mbele yake. Sawa kabisa. Lakini ukimkamata kijana wa kaunta na fomu ukaiacha ilivyo, kesho yale yale yatakuwa kwenye simu yake, ambako huwezi hata kuyaona.

Wewe unayekaa kaunta leo, geuza kioo mteja aone unachoandika. Paswedi achape mwenyewe, hata akitumia dakika kumi kutafuta herufi, na wa nyuma kwenye foleni avumilie. Mkimaliza, toka kwenye akaunti, mpe karatasi yake aondoke nayo. Lile la kwetu nilipoacha kazi nililiacha pale pale chini ya meza. Kafe ilishafungwa, na nilipomuuliza mwenyewe daftari liko wapi, aliniuliza daftari gani.