Kwezi wa Warwick waachwe

Leo nina hoja ya ndege, msinicheke.

Hapa Warwick Junction, Durban, ninapopandia basi nikitoka zamu ya usiku, kuna kwezi weusi wenye mabawa ya rangi ya kutu. Asili yao ni majabali, ila siku hizi kingo za maghorofa na madaraja zinawatosha. Hutaga kuanzia Septemba au Oktoba. Agosti hii hakuna yai, lakini dume na jike wake mwenye kichwa cha kijivu hawaachani hata kundini: alfajiri miluzi ukingoni, mchana kudokoa matunda, jioni kurudi kulala.

Wapo wanaosema wafukuzwe, wanachafua. Kinyesi sikitetei, mimi ni nesi. Kilowanishwe kwanza ndipo kifutwe, kisifagiliwe kikavu. Lakini kufukuza? Jamani, mwaka 2009 manispaa ilitaka kubomoa hata Soko la Alfajiri, la tangu 1910, ijenge maduka ya kisasa. Wachuuzi wakagoma, soko lipo. Na wauza dawa za asili wako juu ya daraja la magari lisilokamilika!

Wakitaka kuziba, wazibe kingo zilizo juu ya vyakula tu, tena sasa hivi, kabla kwezi hawajaanza kubeba matope ya viota.