Rafadha Iliyopinda na Amana ya Abiria



Juma lililopita tulivuka kwa mashua ya mashine ya ndani. Ilikuwa imegonga mwamba, na panga moja la rafadha likapinda. Nahodha akatwambia, "Inakwenda, sheikh." Kweli ilikwenda, lakini sakafu ilitetemeka, na akina mama wakawakumbatia watoto wao. Nasi tulinyamaza, kimya kile kimetutia haya.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Rafadha iliyopinda huitikisa shafti, na pale shafti inapopenya chomboni pakilegea, maji huingia. Nyundo si dawa. Chombo na kipandishwe pwani, shafti ikaguliwe isiwe imepinda, kisha itiwe rafadha mpya yenye kipimo kilekile, mlalo uleule wa mapanga na upande uleule wa kuzunguka.

Gharama ni nzito, twajua. Lakini abiria ni amana, na amana haibebwi kwa kubahatisha. Nanyi dada zetu, ulizeni kabla ya kupanda: chombo hiki ni kizima? Kuuliza si utovu wa adabu, ni kulinda roho.

Wabillahi tawfiq.