Kwaya Ikiungana, Waamini Husikia Nini?

Mwamini akiingia kanisani wakati wimbo wa mwanzo umeshaanza, hatambui tu kama kwaya inajua nota. Anatambua mara moja kama waimbaji wanasikilizana. Sauti zikiungana anasikia wimbo. Zisipoungana anaanza kusikia watu: yule wa soprano anayepaa juu ya wenzake, yule wa besi anayechelewa nusu pigo. Hapo sala imeshamtoka.

Sikio halidanganywi. Waimbaji wawili wakishika nota ileile, mmoja kwa mitetemo 440 kwa sekunde na mwingine 443, msikilizaji atasikia sauti inayovimba na kunywea mara 3 kila sekunde. Katika kundi kubwa tofauti ndogondogo za namna hii humezana na kuipa kwaya unene wake mtamu. Anayezidi mno, hata akiwa mmoja, hamezeki.

Mara nyingi kosa haliko kwenye nota, liko kwenye irabu. Lugha yetu ina irabu tano tu, tena karibu kila neno huishia kwa irabu, na hiyo ni bahati kubwa kwa mwimbaji. Lakini katika “Bwana” mmoja anaiachia ile “a” ya mwisho, mwingine anaibana, wa tatu ameshafunga kinywa anatafuta ukurasa.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walionyesha kwamba mapigo ya moyo ya watu wanaoimba pamoja huelekea kuongezeka na kupungua kwa pamoja, kwa kuwa wimbo huwapangia pumzi. Hao walikuwa waimbaji. Hata hivyo sisi tunaoketi mabenchini tunalijua jambo linalofanana na hilo: kwaya ikivuta pumzi pamoja, nasi tunajua pa kuingilia, na kiitikio kinatutoka bila kusukumwa.

Nguvu hiyo si ya kuchezea. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alihangaika kwa kuwa nyakati nyingine uimbaji wenyewe ulimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa. Wengi wetu leo hatujafika hata kwenye hangaiko hilo, maana spika zimetangulia. Maikrofoni mbili ziko midomoni mwa watu wawili, kinanda kimepandishwa hadi mwisho, na wanakwaya thelathini waliobaki wanaonekana wakifungua vinywa tu. Waamini nao wamenyamaza; wanatazama.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium namba 114, unataka kwaya ziendelezwe na papo hapo jamii yote ya waamini iweze kushiriki sehemu yake. Kwa maoni yetu, kwaya inayowanyamazisha waamini imetimiza nusu ya agizo, hata ikiimba vizuri namna gani.

Walimu wa kwaya watatuambia kanisa ni kubwa na bila vyombo watu wa nyuma hawasikii. Ni kweli. Basi maikrofoni isimame mbele ya kundi zima, hatua kadhaa kutoka kwao, na angalau nusu ya kila zoezi ifanyike bila kinanda, waimbaji wakiwa wamesimama duara ili kila mmoja amsikie jirani yake. Nasi waseminari, ambao kesho tutakabidhiwa kwaya hizi parokiani, tuanze na zaburi ya Jumapili hii: kinanda kitoe sauti ya kuanzia, kisha kinyamaze katika kiitikio, tusikilize kama benchi la nyuma linaitikia.