Acheni kubandika BINARY kila mahali!

Wanaprogramu wenzangu, hebu niwaulize: mkigundua MySQL imelinganisha herufi kubwa na ndogo kana kwamba ni kitu kimoja, mbona mnakimbilia kubandika neno BINARY kwenye kila kweri? Huko ni kufunika shimo kwa jani la mgomba.

Chukua vocha za tarakimu na herufi, kubwa na ndogo, nafasi 6. Kwa hesabu ya karatasi, zipo bilioni 56.8. Lakini MySQL 8.0 usipoiambia kitu hutumia kolesheni, yaani kanuni ya kulinganisha herufi, iitwayo utf8mb4_0900_ai_ci. Kwayo 'aB7kQz' na 'AB7KQZ' ni vocha moja! Zimebaki bilioni 2.2 tu. Mwizi anayebahatisha umemrahisishia kazi mara 26.

"Lakini mimi huandika WHERE BINARY msimbo = 'aB7kQz'." Sawa, ila hapo indeksi haitumiki inavyopaswa, na mwenzako akisahau mara moja tu, mlango u wazi. Tena UNIQUE haina habari na BINARY yako: vocha ya pili itakataliwa. Isitoshe, tangu toleo la 8.0.27 la mwaka 2021, MySQL wenyewe wametangaza kwamba BINARY ya aina hiyo itaondolewa.

Dawa iko kwenye safu yenyewe:

ALTER TABLE vocha MODIFY msimbo CHAR(6) CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_bin NOT NULL;

Majina ya watu yaacheni na _ci, yanafaa kutafutwa hivyo. Ila msimbo ni ufunguo, na kanuni ya ufunguo hukaa kwenye kufuli, si kichwani mwa bawabu. Anayebisha na alete hoja.